Chupa Zilizoganda Njia ya Sake

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Vitshumbi, mkuu wa wauguzi alinikabidhi pikipiki na sanduku la baridi lenye chanjo ya polio. "Kijana, barafu ikiyeyuka, chanjo imekufa," akaniambia. Miaka yote niliyozunguka vijijini barafu yangu haikuyeyuka. Nilijivuna, sifichi.

Baadaye nilihamishiwa Goma, idara ya saratani. Kemoterapia mnaijua: huua chembe zinazokua haraka, mbaya na nzuri, ndiyo maana nywele hunyonyoka. Daktari mkuu wetu aliiunganisha na dawa ya kulenga, inayoshika alama fulani iliyo juu ya baadhi ya uvimbe wa titi. Kwanza kipande cha uvimbe kilipelekwa nje ya nchi kutafutwa alama hiyo, na moyo ulipimwa, kwani dawa hii huweza kuuchosha. Ugonjwa uliokwisha kufika kwenye ini haukupona. Lakini dawa zote mbili pamoja zilimwongezea mgonjwa muda.

Mama Kavira, mshonaji wa Kanyaruchinya, aliingoja dawa hiyo miezi mingi. "Papa Paluku," aliniambia, "nikipata tu muda ya kuona mutoto yangu anapata diplome, inatosha."

Dozi zake zilifika, na kabla hajaanza, volkano ikalipuka. Mji mzima ukashika njia ya Sake. Niliiacha nyumba yangu bila kubeba hata godoro, nikapitia idarani kuchukua zile chupa. Nikazishindilia katikati ya barafu tupu, kama nilivyozoea kwa polio. Mazoea yana taabu.

Tulipofika Sake, daktari mkuu alifungua sanduku, akainua chupa moja. Dawa ilikuwa imeganda.

"Papa, hii si polio," alisema polepole. "Hii ikiganda, inaharibika. Mama Kavira, utamuambia weye mwenyewe."

Afadhali angenifokea.

Tuliagiza nyingine. Waasi wakafunga barabara ya Bunagana, kule mpakani, haikufika. Mama Kavira akaanza kemoterapia bila dawa ya kulenga.

"Na ile dawa ingine, papa?" aliniuliza nikimtundikia dripu.

"Volkano, mama," nilijibu.

Akanipa pole, kwa sababu nyumba yangu ilikuwa imeungua. Niliona aibu, nikaipokea pole yake.

Alikufa mtihani wa binti yake ukiwa bado. Kwenye matanga binti alinishika mkono mbele ya watu wote. "Huyu papa aliacha nyumba yake iungue juu ya kuokoa dawa ya mama." Wakaniletea kiti cha mbele, nikaketi.

Sasa nimestaafu. Vijana wauguzi, someni karatasi ya maelezo ya kila dawa, hata kama mikono yenu imezeeka kazini. Mimi nilikuwa nayo mfukoni na sikuifungua.

Binti huyo huja kila Jumapili kunipikia sombe, majani ya muhogo. Huniita baba. Jumapili hii, kabla hajawasha makaa, nitampa karatasi hizi nilizoandika azisome kabla yenu.