Nilikuwa Mdomo Wake Hospitalini

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla hujanihurumia. Wifi yangu alikaribia kufa, na aliyemziba mdomo ni mimi niliyepelekwa nimsemee.

Nitamwita Furaha, si jina lake. Ni mdogo wa mume wangu, alitufuata hapa Kampala kutoka Congo, tunakaa wote Kasubi. Ananiita yaya, vile kwetu tunamwita dada mkubwa. Alikuja anajua Kiswahili na Kifaransa tu. Mimi nina miaka mingi hapa, Luganda naongea mpaka wateja wananidhania Muganda. Kwa hiyo kila mahali, mimi ndiye mdomo wake.

Alipochumbiwa, shangazi wa bwana harusi alimwangalia juu chini, akauliza kama kanisani wataingiza bibi harusi au hanga ya nguo. Kwetu bibi harusi mwembamba ni aibu ya nyumba nzima, watu wanasema ulimnyima chakula. Basi mimi, mjuaji, nikamwambia usijali. Nina kibanda cha mafuta ya ngozi, na chini ya meza nilikuwa nauza vidonge vya kunenepa. Wanawake wengi wa kwetu wanavinunua kabla ya sherehe. Havina hata karatasi ya maelezo, vinakuja kwenye kifuko cha nailoni.

Jamani, alinenepa! Mashavu yakajaa, gauni likabidi lifumuliwe mishono. Shangazi akanisifu mbele ya watu. Nilijiona mtu.

Kisha kikohozi. Tukasema ni vumbi. Ikaja homa, likaja jasho la kulowanisha shuka. Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakaona doa kwenye pafu. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini kwa ile picha daktari akaona ni heri amwanzishie dawa za kifua kikuu.

Siku hiyo hiyo aliuliza swali ambalo mpaka leo linanikaa kooni. Mgonjwa anatumia dawa nyingine yoyote? Za kienyeji, za pumu, za viungo, za kutengeneza mwili? Anauliza kwa Luganda, mimi nageuza. Furaha hakufikiri hata.

"Yaya, mwambie na vile vya kunenepa."

Nikamwangalia daktari. Nikamfikiria mume wangu, nikamfikiria mama mkwe, nikawafikiria wakaguzi wa dawa wanaofunga vibanda. Nikasema, anasema hana hamu ya kula. Daktari akaandika. Furaha naye akatikisa kichwa kukubali, maskini, akijua nimefikisha.

Kuanzia hapo sikuwa na pa kutokea. Kila siku ya kliniki ilinibidi niende mimi, maana akienda mtu mwingine kumtafsiria, neno litatoka. Kibanda nikakifunga, watu wakasema huyu ndiye wifi mwenye moyo. Moyo gani!

Nilijaribu kumsimamishia vile vidonge kimya kimya. Akaishiwa nguvu, akatapika, akaanguka bafuni. Nikaogopa, nikamrudishia. Nikimpa namuua, nisipompa namuua, na bado kila asubuhi nampelekea na chai.

Dawa za kifua kikuu alimeza bila kuruka, na alizidi kuisha nyuma ya yale mashavu. Akaanza kutema damu. Picha mpya ikaonyesha doa limekuwa shimo. Daktari akasema huenda ni kifua kikuu sugu, anataka kumhamishia kwenye dawa kali zaidi, akaanza kunitajia madhara yake nimgeuzie mgonjwa. Macho, miguu kufa ganzi, moyo.

Nilishindwa. Nikasema yote, kwa Luganda. Nikasema empeke, vile vidonge. Nikasema okugejja, kunenepa, nikalirudia tena na tena kama mtu aliyechanganyikiwa. Nikasema na uongo wangu wa siku ya kwanza. Furaha ameketi katikati yetu, ananiangalia, anadhani namwombea.

Daktari aliweka kalamu chini. Hakunifokea, heri angenifokea. Alinieleza kwamba vidonge hivyo mara nyingi vina dawa inayolaza kinga ya mwili. Kuna kijidudu kinakaa kwenye udongo na vumbi. Sisi wote tunakivuta na hakitufanyi kitu, lakini ambaye kinga yake imelala kinamshika pafu, na kwenye picha kinafanana na kifua kikuu. Ni ugonjwa wa nadra. Tena kinaota polepole. Angejua mapema angewaambia maabara wasiyatupe makohozi haraka. Na vile vidonge haviachwi ghafla, vinapunguzwa kidogo kidogo. Kisha akanielekeza kwa Furaha.

"Sasa mwambie mwenyewe. Ana haki ya kujua."

Nikageuka. "Daktari anasema ni kijidudu cha udongo. Watapima upya."

"Asante yaya. Bila wewe ningekufa."

Maabara walikiotesha safari hii, wakakipata. Na dawa yake, cheka kama unaweza, ni septrini. Dozi kubwa, miezi mingi, na vile vidonge vikapunguzwa kidogo kidogo. Sasa hapa mjini, mtu akiona septrini imejaa nyumbani hafikirii udongo, anafikiria virusi vya Ukimwi. Shangazi wa bwana harusi alikuja kumjulia hali, akayaona makopo juu ya kabati. Furaha akapima, akawaonyesha ukoo wa bwana harusi majibu kuwa hana. Wakasema majibu yananunuliwa. Wakauliza, kijidudu cha udongo kimempataje msichana mzima, mbona sisi tunakanyaga udongo huo huo? Walikuwa wananiuliza mimi. Jibu nilikuwa nalo. Nikasema hata sisi tunashangaa.

Uchumba ukavunjika. Furaha alilia kifuani kwangu, mimi nampapasa mgongo.

Sasa amepona, ila pafu limebaki na kovu na ngazi anazipanda kwa kupumzika. Amepata kazi ya kusuka kwenye saluni Wandegeya, kati ya wasichana wa Kiganda, na Luganda anaikamata haraka kuliko nilivyoikamata mimi. Kila jioni analeta neno niligeuze. Jana tunachambua mboga akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa.

"Yaya, okugejja ni nini? Siku ile ulimwambia daktari mara nyingi."

Nikamwambia ni kupumua.

Akalirudia polepole, lisimpotee.

Wewe unayesoma, nakuomba. Ukipelekwa kumsemea mgonjwa, sema alichosema, chote, hata kama kinakuunguza wewe. Usikichuje. Na vile vidonge vya kifukoni visiingie nyumbani kwako, hata kama ukoo mzima unamcheka bibi harusi. Daktari akikuuliza unameza nini, anatafuta pa kukushikia usianguke. Mimi nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kumwambia mwenzangu ukweli, nikasubiri, nikasubiri.

Leo asubuhi Furaha ameondoka na lile neno mdomoni, anataka kuwaonyesha wenzake wa saluni kwamba amejifunza kusema kupumua. Naandika haya nimekaa karibu na geti, nasikiliza kama anarudi.