Siku Tuliyochelewa Kikoneni

Kanisa letu la Ukunda halijui kupumzika. Jumatatu maombi, Jumanne kwaya, Jumatano akina mama, na habari za kamati usiniulize. Ipo hata kamati ya kuteua kamati. Wengi wetu ni watu wa bara tulioletwa na kazi za hoteli, na kwetu bara msiba ni wiki nzima ya vikao, hema, sare na programu ya kuchapishwa. Wenyeji huzika siku hiyohiyo. Tumeishi nao miaka mingi na jambo hilo halijatuingia akilini.

Mama niliyekuwa nikipika naye chai ya waumini kila Jumapili alikuwa Mdigo wa Kikoneni, Mkristo peke yake katika ukoo wa Waislamu. Kwao hawakumtenga, walimpenda. Lakini alikuwa na hofu moja, na aliniambia siku moja tukisugua masufuria.

"Mdogo wangu, siku yangu ikifika, msije mkaniacha nikazikwa bila ya kuombewa. Kule kwetu sina wa kuniombea kwa imani yangu."

"Dada nawe! Na kanisa lote hili?" nikamjibu, nikacheka.

Alifariki alfajiri, nyumbani kwa kaka yake Kikoneni alikokwenda kuugulia. Kaka akampigia mchungaji simu asubuhi ileile: tunazika leo baada ya adhuhuri, njooni mumuombee. Mchungaji akasema tunakuja, kisha akaita kamati.

Nilikuwamo kikaoni. Tulibishana kuhusu hema, tukabishana kwaya ivae nyeupe au zambarau, tukabishana nani asome wasifu wa marehemu. Nikasema jamani, wenzetu wamesema leo. Mwenyekiti akanituliza kama mtoto: hakuna anayezika bila kanisa la marehemu, watatusubiri. Tukanywa chai ndipo tukapanda basi. Hasira niliyokuwa nayo njiani, mpaka leo haijaniisha.

Tulifika alasiri imeshapita. Wanaume walikuwa wakinawa udongo miguuni. Kaka yake, mzee aliyevaa kanzu, akatoka kutupokea.

"Shikamoo, mzee," mchungaji alisema.

"Marahaba. Karibuni, poleni na safari. Tuliwasubiri sana. Adhuhuri ikapita, tukaswali alasiri, maiti bado yumo ndani. Nikawaambia watu, subirini, wenzake watakuja. Lakini maiti haketi, mchungaji, na jua lenyewe mwaliona."

Mchungaji akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyemwombea.

Mzee akajibu, "Ya kwetu aliyaacha kwa hiari yake, sikuona haki kumsomea. Ya kwenu mimi siyajui. Nilisimama pale kaburini nikatafuta neno la kumwambia dada yangu, nikalikosa. Tukamfukia kimya."

Aliyasema hayo kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. Angetutukana, ningepata nafuu. Nililia mbele za watu bila aibu.

Mwenyekiti akamnong'oneza mchungaji kwamba programu ianze. Mzee akawaita watoto wa mji ule, akawakalisha chini, akawaambia wanyamaze wasikilize maombi ya shangazi yao. Kwaya ikajipanga kando ya udongo mbichi, sare nyeupe zimenyooshwa pasi, ikaimba vizuri kuliko siku zote. Nilitamani wanyamaze.