Joto la Chumba cha Ayeeyo

Naanza kwa kukiri, ili wa kucheka wacheke mapema: mimi ni mwalimu wa fizikia, miaka tisa nimewaambia watoto wa watu kwamba joto halipotei, linahama tu, na bado niliwahi kuketi kwenye kisomo cha kumfukuza jini niliyemleta mwenyewe, nikaitikia "amin" kwa sauti kuliko waliofunga safari kuja kuitikia.

Mimi ni mtu wa Nyahururu. Kwetu asubuhi ukiongea moshi unakutoka mdomoni, sasa mniambie Garissa mwezi wa tatu (nilikuja kwa barua ya uhamisho, si kwa mapenzi) mtu kama mimi anaishi vipi. Mwenzangu wa shuleni alipohama akaniachia kiyoyozi chake, kile cha magurudumu, chenye bomba nene la plastiki mgongoni la kutolea hewa moto nje. Hiyo nje ndiyo iliyonishinda. Dirisha langu lina wavu wa mbu uliopigiliwa misumari, na mwenye nyumba, Mama Ubah, ukigusa ukuta wake anakuuliza babako alijenga nyumba ngapi, kwa hivyo mashine yenyewe niliiingiza imefunikwa shuka. Juu ukutani nikaona tundu la hewa, nikajiambia hili linaingia darini (sikupanda kuchungulia, msomi achungulie nini?), nikachomeka bomba, nikaziba kando kwa gazeti, nikawasha. Jamani! Baada ya nusu saa nilikuwa natafuta blanketi.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili nikamkuta mama yake Mama Ubah, ajuza wa chumba cha pili ambaye ploti nzima tunamwita Ayeeyo, yaani bibi, amehamishia mkeka barazani, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Sikio lake ni zito, mngurumo wa mashine hakuusikia (wengine waliudhania feni yangu), lakini moto aliusikia vizuri sana.

Jumatatu Mama Ubah akaniita. "Maalim, wewe umesoma. Mama iko na moto mwili yote. Hosbitali wanasema hakuna malaria, hakuna bresha, hakuna kitu. Hebu ingia chumba uone."

Nikaingia kwa mwendo wa daktari, mikono nyuma. Nikasimama kando ya kitanda, na hapo upepo wa moto ukanipiga kwenye paji la uso kutoka juu ukutani. Nikainua macho, nikaliona tundu. Nilijua papo hapo. Wala sihitaji kuwadanganya kwamba nilikisia.

"Ni msimu tu," nikasema. "Anywe maji mengi."

Kwa nini sikusema? Aibu, basi. Mwalimu wa fizikia! Badala yake nikajiwekea sheria ya haki kabisa, kwamba mashine nitaiwasha tu wakati Ayeeyo yuko barazani, na kwa vile chumba chake kilikuwa hakikaliki tena, alikuwa barazani kutwa kucha, kwa hivyo mashine ikanguruma kutwa kucha, na mimi moyo ukatulia.

Jumatano nikasikia kwamba kaka yake Mama Ubah anakuja kesho kumchukua mama akakae naye Bura, kwa sababu ama ni mgonjwa, ama chumba kina kitu. Kabla ya safari sheikh atamsomea. Ayeeyo alikuwa anafunga nguo zake kwenye gunia huku analalamika: "Bura nitaongea na nani? Na mbuzi?" Marafiki zake wa chai ya alasiri wako hapa, na chumba hicho ndicho alichoishi na marehemu mumewe. Alikuwa analia, na mimi nikapita nikiangalia simu.

Alhamisi baada ya alasiri nilikuwa ndani nasahihisha mitihani, Mama Ubah akanigongea. "Maalim, njoo, wewe ni mtu ya nyumba." Alisimama mlangoni kabisa, nikaogopa atachungulia, nikajipenyeza nje upesi na kufunga. Mashine nikaiacha inawaka.

Tulikuwa kama watu kumi na wawili mle chumbani kwa Ayeeyo, magoti kwa magoti, na jasho linatutiririka hadi kwenye soksi. Sheikh, mtu mpole mwenye miwani, akasoma. Upepo wa moto ukampulizia kilemba. Akazidisha sauti, na mimi nikazidisha amin. Ghafla stima ikapotea (hilo hapa si jambo la ajabu), na upepo ukakatika.

"Subhanallah!" Kaka mtu akainua mikono. "Ametoka! Ametoka!"

Akina mama wakapiga vigelegele, Mama Ubah akamkumbatia mamake, na mimi, Mungu anisamehe, nikapeana mikono na watu nikipokea hongera. Sasa Ayeeyo haendi tena Bura, nikawaza, na siri yangu imezikwa pamoja na jini wake.

Stima ikarudi. Ng'ambo ya ukuta kitu kikalia piii, kikanguruma, na upepo wa moto ukarudi pale pale kwenye kilemba.

Sheikh akavua miwani, akaifuta taratibu. "Huyu jini," akasema, "mbona anafuata stima?"

Halafu akaniangalia. Wote wakaniangalia.

Nilifungua mlango wangu mbele ya umati huo. Baridi ikawapiga usoni, na kitandani blanketi langu la Nyahururu limetandazwa, lile zito la sufi. Waliocheka walicheka hadi wakakaa chini. Mama Ubah hakucheka. Alileta koleo, akang'oa wavu wa dirisha kwa mkono wake, dakika tano, bomba likatoka nje. "Si ungesema tu!" Ndiyo maneno yote niliyopata kwake. Kaka mtu akaondoka na gari lake bila gunia.

Ayeeyo alibaki. Akakaa kitandani kwangu, akajifunika blanketi mabegani, akaniuliza polepole: "Ulijua?"

"Nilijua, Ayeeyo."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

Akahesabu kwa vidole. "Jumanne nilikuletea chai ya maziwa ya ngamia. Ukanywa yote."

Kicheko cha wengine kilinipita, lakini hilo lilinikata maini. Tangu siku hiyo, nikijua jambo Jumatatu, nalisema Jumatatu.