Vifaranga vya Mudende Vilivyokuja Mara Mbili

Kosa ni langu. Naanza na hilo usije ukanionea huruma katikati ya hadithi. Rafiki yangu alipoteza kazi kwa jambo nililolifanya mimi, nami nilikuwa nimekaa pale pale, shati limepigwa pasi, natikisa kichwa kama mtu mwenye huzuni!

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nilifanya kazi Gisenyi, kwenye depo ya ushirika wa wafugaji. Mimi ndiye mtu wa phonie, ile redio ya kuongea na Kigali. Kazi hiyo nilijifunza Goma kabla hatujarudi nyumbani, na jamani niliipenda! Unaita, unangoja, mwenzako anaitika, unasema haja yako, naye anakujibu "bien reçu", yaani ujumbe umefika. Bila hiyo bien reçu hujasema kitu. Chef, mkuu wa depo, mwenyewe alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu kuingoja.

Halafu kompyuta ikaja, na aliyepelekwa Kigali kujifunza ni Bosco. Bosco! Mdogo wangu kwa umri, rafiki tuliyekaa nyumba moja Goma, niliyemwombea mimi kazi ya stoo. Mimi nikaachiwa phonie na kikohozi changu.

Nilimuuliza ataongeaje na Kigali kama Kigali hawapo mezani.

"Grand, mi siongei na mutu," akacheka, akiniita grand, kaka mkubwa, kama kawaida yake. "Naandika barua, naweka ku foleni, naenda kunywa chai yangu. Line ikiwa muzuri, mashini inatuma yenyewe. Kigali watasoma saa ile wanataka."

"Na line ikikatika?"

"Inangoja. Haichoki. Barua inatoka ku foleni siku risiti ya Kigali inarudi."

"Na kama barua ilifika, risiti ndiyo imepotea?"

"Bon, inatuma tena. Lakini kila barua iko na numero. Kule wakiona numero moja mara mbili, ya pili wanatupa. Donc hakuna shida."

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma, nilielewa vizuri sana!

Wivu ukaniingia. Chef aliacha kusimama nyuma yangu. Chai ilianza kupitia kwa Bosco kwanza. Kando ya kiti chake aliweka kiti cha pili, nami nikasema moyoni, hicho ni cha wasichana wa ofisi waje kumshangaa. Kila modem, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na simu, ilipolia, niliongeza sauti ya phonie. Nilimwonea wivu hata kwa jinsi alivyoweza kutuma barua na kuondoka bila wasiwasi, wakati mimi maisha yangu yote nimekaa nikingoja kujibiwa.

Mke wake akajifungua kule Rubona. Bosco akaomba ruhusa ya siku chache, na akaniomba niwe parrain, baba wa ubatizo wa mtoto. Nilikubali, meno nje.

Siku aliyoondoka mvua ilikuwa imekata laini ya simu. Kwenye foleni palikuwa na barua namba arobaini na saba: oda ya maboksi ya vifaranga kwa kina mama wa Mudende. Vibanda walishajenga, wanasubiri tu.

"Usiguse kitu, grand. Line ikirudi, itaenda."

Kesho yake laini bado. Chef anatembea huku na huku, anaiangalia ile mashine kwa hasira. Nami nilifurahi! Nikawasha phonie, nikaagiza vifaranga kwa mdomo.

"Commande iko na numero?" mtu wa Kigali akauliza.

"Hapana. Hii ni ya phonie."

Namba ilikuwa imebandikwa kwenye kompyuta, mwandiko wa Bosco, ningeigusa kwa mkono. Ningeisoma tu, Kigali wangejua barua ikifika ni oda ile ile, wangeitupa. Lakini ningeisoma ingekuwa kazi ya Bosco, na mimi niliitaka iwe yangu.

Vifaranga vikafika, kina mama wakapiga vigelegele. Chef akanishika mkono mbele ya watu. "Phonie ni phonie!"

Siku mbili baadaye laini ikarudi. Nilisikia modem ikilia, nikajua arobaini na saba inaondoka. Phonie ilikuwa mbele yangu! Sikuita. Nilisema acha waone mashine yao ilivyo mjinga. Nilidhani Bosco atataniwa kidogo, basi. Vifaranga sikuvifikiria kabisa.

Lori la pili lilikuja na mvua, maboksi idadi ile ile. Mudende hakuna nafasi. Tuliviweka stoo na mbabula mbili za makaa, baridi ikashinda. Asubuhi stoo ilikuwa kimya. Mama mmoja wa Mudende aliinama akitafuta vilivyo hai. "Yebaba wee!" Alisema hilo tu, tena na tena.

Chef alituita wote wawili, Bosco katoka kwa mtoto wake mbio. Nani ameagiza mara mbili?

"Bosco aliniambia barua ameshaifuta," nikasema. Ilitoka laini, kama nimeifanyia mazoezi.

Bosco alinitazama. Alingoja niseme kingine. Nikatikisa kichwa kwa huzuni.

"Bien reçu, grand," akasema. Akaweka ufunguo wa ofisi mezani, akatoka, na kazi yake ikaishia hapo.

Yeye na mkewe walihamia kwa wazazi wa mke, Kibungo. Mtoto alibatizwa na parrain mwingine. Nimemwandikia Bosco barua nikikiri kila kitu, kila moja nimeiwekea namba juu, akipata namba moja mara mbili ajue ni barua ile ile. Nimefika namba tisa. Hajanijibu hata moja, na simlaumu.

Kwa Chef nilikiri pia, nimechelewa. Akaonyesha kile kiti cha pili. "Unajua kile kiti ni cha nani? Bosco aliniomba saa moja kila siku, akufundishe kompyuta. Alingoja tu umalize kununa."

Wewe unayesoma, ukimwonea mwenzako wivu, mwambie. Mwambie usoni, aibu itapita. Mimi nilikuwa na kiti pale, kimewekwa kwa ajili yangu, na sikukikalia hata siku moja.