Matawi Nyuma ya Gari

Nilipokuwa mtoto pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, kazi yangu kubwa nyumbani ilikuwa kuwa simu. Baba alikuwa haongei na bibi, mama yake mama, na bibi alikuwa haongei na baba. Si kwa ugomvi, ni kwa heshima. Kwetu sisi watu wa Fizi, kule Kongo, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawajibizani. Basi mmoja wao akitaka chumvi, ninatumwa mimi: ambia bibi yako, ambia papa yako, na wote wawili wamekaa chumba kimoja, wanasikiana vizuri kabisa. Mimi niliona ni upuuzi mtupu, na nilisema hivyo, na nilichapwa kwa kusema hivyo.

Baba alikuwa na gari. Nasema gari kwa adabu tu. Lilikuwa kuukuu, weupe wake umeshageuka rangi ya vumbi la Dowa, na nyuma lilikuwa refu kiasi cha kupakia marobota ya mitumba aliyoyazungusha kwenye magulio mpaka Madisi. Alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya chai alifungua boneti, akaangalia maji ya rejeta, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Halafu aliuvuta kwa kidole mkanda wa feni, ambao yeye aliuita kuruwa, kuona kama umelegea. Wiki ile kuruwa ilikuwa na nyufa. Niliziona mwenyewe, maana mimi ndiye niliyeshika kopo la maji. Alisema ataibadilisha akifika mjini. Kila mwenye gari kuukuu ana kitu ambacho atakibadilisha akifika mjini.

Bibi naye alikuwa na mambo yake. Katika yote aliyoyakuta Malawi, moja lilimwingia mpaka kwenye mifupa: matawi ya barabarani. Huku, nyumba ikiwa na msiba, watu hukata matawi mabichi wakayalaza barabarani, ili magari yapunguze mwendo na mpita njia ajue kwamba hapo pana maiti. Bibi akiyaona alinikamata mkono, akanivusha upande wa pili, na hatukuruhusiwa kusema neno mpaka tuyapite. Juu ya hapo aliongeza sheria yake, sijui aliitoa Fizi au aliitunga mwenyewe. Alisema majani yakishalazwa barabarani lazima yapate mtu wao. Ukiyalaza bure, pasipo maiti, yatamtafuta aliye dhaifu kuliko wote hapo karibu.

Siku ninayoisema, aliyekuwa dhaifu kuliko wote alikuwa Amani, mdogo wangu, ambaye hata kunyonya alikuwa bado hajaacha. Malaria ilikuwa imemla damu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na akivuta pumzi ngozi iliingia katikati ya mbavu. Kwenye kliniki ya kambini wakasema anahitaji kuongezewa damu, aende hospitali kubwa Lilongwe, na asicheleweshwe. Ambulansi ilikuwa imeshaondoka na mama mjamzito. Baba hakuuliza lini itarudi. Alikwenda moja kwa moja kuchukua gari.

Mama na bibi walikaa nyuma, Amani mapajani mwa mama. Mimi nilikaa mbele na baba, kwa sababu ya lile kopo la maji, na kwa sababu simu lazima iwe karibu. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, jua linaelekea kuzama. Tulikuwa tunasikiliza pumzi za Amani, kila mmoja akijifanya anaangalia nje.

Tulipokuwa tumeshika barabara kuu ya kwenda Lilongwe, tukitoka tu kwenye kona, chini ya boneti kitu kikapiga paa, taa nyekundu ikawaka, na mvuke mweupe ukafunika kioo. Baba alizima injini akaliacha gari lijiburuze pembeni, lakini pembeni hapakuwepo. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa lami na kubakiza shimo. Gari likasimama nusu yake iko barabarani, hatua chache tu baada ya kona. Anayekuja nyuma yetu asingetuona mpaka awe juu yetu.

Kuruwa ilikuwa imekatika. Mama akasema kwa nini hamwagi maji upesi twende. Baba akamweleza, kwa sauti ya chini iliyoniogopesha kuliko kelele, kwamba rejeta ikiwa moto hivyo haifunguliwi, maji yatamrukia usoni, na ukiitia maji baridi injini itapasuka, basi tutakuwa hatuna gari kabisa. Lazima ipoe. Mama akauliza ipoe mpaka lini. Baba aliwasha taa za tahadhari. Zikapepesa mara chache kivivu, fyuzi ikaungua, zikazimika. Kile kibao chekundu cha pembetatu hatukuwa nacho.

Akaniambia nivunje matawi. Niyalaze nyuma yetu, nianzie mbali, kule ng'ambo ya kona, na nitembee nikitazama magari yanakotokea. Nilikimbia. Nilivunja matawi ya vichaka yenye maji ya mvua, nikayalaza kwa mstari kando ya lami, na nakumbuka nilijivunia jinsi yalivyonyooka. Kila dereva wa Malawi anaelewa: matawi barabarani, punguza mwendo, mbele kuna gari bovu au kuna kilio.

Nilipogeuka nikamwona bibi ameshuka. Alikuwa anakuja kwenye mstari wangu ameinama, anaokota tawi moja baada ya jingine na kulitupa shimoni. Nikamwita. Hakunisikia, au hakutaka. Alikuwa ameyamaliza yote pale basi dogo la abiria lilipotokeza kwenye kona kwa kasi. Lilipiga honi, likayumba, likatupita kwa nafasi ya mkono mmoja, na maji machafu yakaruka mpaka ndani ya gari letu. Nilisikia mama akiita jina la Amani.

Baba alikuja na mikono myeusi kwa oili. Alisimama mbali kidogo na bibi, akatazama mlima, akaniambia mimi.

"Ambia bibi yako ile majani inarudi barabarani."

Bibi akatazama upande wake. "Ambia papa yako mutoto iko anapumua. Miye nilishazika batoto ya kutosha njiani. Huyu sitamutandikia matanga akiwa muzima."

Nilikuwa nimesimama katikati yao. Kila mmoja alikuwa amemsikia mwenziwe. Kwenye gari Amani alikohoa, kikohozi kidogo tu kisicho na nguvu, na wote wawili waligeuza shingo kwa pamoja.

Ndipo baba akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alivua kofia, akapiga magoti kwenye lami yenye maji, akamtazama mama mkwe wake usoni. Niliona aibu kama niliyefungua mlango mtu anaoga.

"Mama," akasema, "lori za tumbaku zinakuja. Moja ikitugonga, Amani anakufa, na binti yako anakufa naye. Nakuomba."

Bibi alijishika kifua. Nafikiri hakuwahi kuisikia sauti ya baba ikielekezwa kwake tangu siku ya mahari. Alimwangalia baba, akaliangalia gari, kisha akashuka shimoni na kuanza kuyaokota matawi yale yale.

"Basi rudisha," akasema. "Lakini ni ya miye. Musikie nyote: hii yote ni ya miye, isitafute mutu mwingine."

Aliyalaza mwenyewe. Kwa kila tawi alitaja jina lake, si lile tulilolijua, bali jina la kuzaliwa, likifuatwa na la baba yake na la babu yake, pole pole, kama mtu anayeelekeza mgeni nyumba asije akakosea mlango. Alipomaliza alifungua kitambaa cha kichwani, akaketi kwenye ukingo wa barabara, akanyoosha miguu mbele kama wanavyokaa wanawake waliofiwa. Nywele zake nyeupe zilikuwa wazi. Baba aliniita nirudi kwenye gari. Sikurudi. Nilikaa naye, nikamshika kitenge. Nilikuwa ninaamini kila neno alilolisema.

Lori likaja. Tulilisikia kabla ya kuliona, limebeba marobota ya tumbaku ya kwenda mnadani Kanengo, na lilitokeza likielekea kona taa zikiwa zimewashwa. Nilifumba macho. Nikasikia gia zinashuka, moja, nyingine, breki zikapumua. Nilipofumbua, lilikuwa limesimama kabla ya matawi, na dereva anashuka huku kofia iko mkononi. Alitembea kwa kunyata, kama mtu anayeingia kilioni. Alimwona bibi kizee kichwa wazi, amekaa chini kwenye maji. Akachuchumaa mbele yake, akampa pole kwa Kichewa, akamwuliza ni nani aliyefariki.

Kichewa cha nyumbani kwetu kilikuwa changu, nilichojifunza shuleni. Bibi kwa miaka yote alikuwa hajavuka zikomo, yaani asante. Nikafungua mdomo nijibu, maana ndiyo kazi yangu. Bibi akaniwahi.

"Ndine," akasema.

Ni mimi.

Dereva alimtazama, akanigeukia mimi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: mtoto, damu, kuruwa, kliniki. Hakuuliza mara mbili. Alikimbia kwenye gari letu, akamchukua Amani mwenyewe, akampandisha mama kwenye kabini, na kumwambia baba kwamba mzigo wa Kanengo utangoja, atapita moja kwa moja mpaka geti la hospitali. Utingo wake alitufungulia ukanda wa mpira uliokuwa unafunga turubai, akaturushia. Lori likaondoka.

Baba alisubiri mpaka mkono wake ulipoweza kukaa juu ya rejeta. Akafunika kizibo kwa tambara, akakizungusha robo tu, akakaa pembeni mpaka mvuke ukapiga mluzi ukaisha. Akaukata ule mpira, akauzungusha kwenye puli, akaufunga fundo na kulivuta kwa meno. Akatia maji kidogo kidogo huku injini inanguruma. Kisha akaniambia niondoe matawi, maana gari likiondoka matawi hayaachwi barabarani. Bibi hakuniachia hata moja. Aliyakusanya yote, akaingia nayo kwenye gari, akayapakata. Tulikwenda mpaka Lilongwe mwendo wa kutambaa, tukisimama injini ipoe, na gari zima lilinuka majani mabichi.

Kwenye hospitali alikataa kuingia. Alisema kifo alichokiita asikipeleke kwa mtoto. Alikaa nje kwenye ukuta, matawi mapajani, na baba akamletea blanketi, akaliweka chini hatua mbili kutoka kwake, akaondoka. Asubuhi mama akatoka. Damu ilikuwa imeingia, Amani ameomba uji. Bibi akauliza kama analia. Mama akasema analia sana, anawapigia kelele wagonjwa wote. Bibi akalala pale pale chini, akakoroma.

Tulirudi nyumbani, na bibi akaanza kujiandaa kufa. Aligawa vitenge vyake. Alimwonyesha mama alikohifadhi kile alichotaka azikwe nacho. Nami kila asubuhi, kabla ya kushika kopo la maji ya rejeta, nilikwenda kuweka mkono mbele ya pua yake. Mara nyingine alikuwa macho, akaniambia niondoe mkono wenye harufu ya oili. Wiki zikapita. Wale aliowagawia vitenge wakaanza kuona haya kuvivaa mbele yake. Yeye na baba walirudia heshima yao kama kawaida, na mimi nikarudia kuwa simu. Bibi aliishi. Aliishi mpaka Amani akamzidi urefu.

Sasa naendesha mwenyewe, gari dogo la kuzungusha vitambaa hapa Lilongwe. Kuruwa ya akiba iko chini ya kiti na pembetatu iko nyuma, na matawi kwangu ni matawi tu, hayamtafuti mtu. Nikisimulia habari hii watu wanacheka. Wanasema bibi hakufa, kwa hiyo ilikuwa ni imani ya kizee tu, imekwisha. Labda. Lakini jioni ile hakujua kwamba hatakufa. Alijua atakufa, kabisa, kama mimi ninavyojua kesho kutakucha, na alipoulizwa hakumeza hata mate.

Mimi nami ni mama. Kuna nyakati nawatazama wanangu wamelala, nikajiuliza swali la yule dereva: ni nani aliyefariki. Ningependa kusema kwamba ningejibu kama bibi. Nafikiri ningejibu. Ninachoogopa ni kwamba ningenyamaza kwanza, hata kidogo tu.