Bambo na Magunia ya Shemeji

Baba alikuwa na baiskeli nyeusi aliyoipenda kuliko sisi, na sisemi hivyo kwa uchungu, ndivyo ilivyokuwa. Akitoka Mbololo kwenda Voi, miiba ilikuwa inamaliza matairi. Jioni anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye karai la maji. Povu likitokea, tundu liko hapo. Alikuwa akisema hewa ni kama mbuzi, ukimwachia upenyo utamkuta shambani kwa watu. Shule sikukaa sana, lakini hilo nililishika.

Kwa hiyo kijana mmoja wa ofisi ya kilimo alipokuja kutuonyesha magunia mapya yasiyopitisha hewa, mimi nilimwelewa mapema. Nje ni gunia la kawaida, ndani kuna karatasi ya plastiki nzito. Unakausha mahindi vizuri, unajaza, unasokota mdomo, unafunga na mpira. Hewa ya ndani ikiisha, dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, wanakosa pumzi, wanakufa. Hakuna dawa. Nyanya yetu alikuwa anatundika mahindi juu ya meko yapate moshi, nayo yalikaa, ila ugali ulinuka kama blanketi la mlinzi.

Mke wa marehemu ndugu yangu alijaza manne. Mawili ya kula na watoto mpaka mvua, mawili ya kuuza anunue tangi la maji, maana lile la kwanza lilikanyagwa na ndovu.

Akaja dalali na bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kudunga gunia utoe punje uone.

"Usidunge, baba, nakufungulia mdomo," shemeji akamwambia.

"Mama, mdomoni kila mtu huweka mazuri. Mimi nimeshauziwa mchanga na shemasi, sembuse wewe!"

"Basi nenda ukanunue kwa huyo shemasi."

Alicheka, akadunga yote manne, hata ya kula, kabla hatujamshika mkono. Akatafuna punje, akasifu, akasema kesho kutwa analeta pikapu.

Nyuzi za gunia la nje zilirudiana, huoni kitu, lakini plastiki ya ndani ilikuwa imetoboka. Mimi roho ilikataa, nikawaza lile karai. Nikasema tuhamishe mahindi. Shemeji akaniuliza, "Kwa mfuko gani? Na si anakuja kesho kutwa?"

Kesho kutwa ikapita. Mwezi ukapita. Usiku shemeji alikuwa anaweka sikio kwenye gunia, anasema anasikia kitu kikitafuna, mimi namwambia ni masikio ya wasiwasi.

Siku dalali alipokuja, alidunga tena. Bambo likatoka na unga, na dumuzi wakitembea juu yake.

"Mama, haya umefugia wadudu. Sinunui."

"Tundu ni lako! Ulidunga wewe!"

"Mimi nadunga kila boma."

Shemeji akakimbilia yale mawili ya kula, akafungua la kwanza, akatia mkono. Ukatoka mweupe kwa unga mpaka kwenye kiwiko. La pili hakulifungua, aliketi juu yake.

Dalali akapangusa bambo kwenye suruali, akalitia kwapani, akashika njia ya Mraru, na hatujamwona tena.