Mtandio Chini ya Waipa

Safari hii ilitokana na kifua cha mama. Daktari wa Tanga alimpa miadi ya Alhamisi, saa nane mchana, akasema wazi kwamba tukiikosa tutasubiri miezi. Basi Jumatano nikapanda kwetu Gare kumchukua kwa gari la marehemu baba, maana mama hakutaka gari jingine. Tangu tumzike baba lilikuwa limekaa bandani, na kaka zangu walishaanza kulitafutia mnunuzi.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuliondoka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya kabichi. Niliwasha feni, ikavuma vizuri tu, lakini hewa iliyotoka kwenye matundu ya dashibodi isingezima hata kiberiti. Kioo cha mbele kikaingia ukungu kwa ndani. Mama akawa anafuta kwa kitambaa, mimi nateremka kona kwa kona kwa gia ya pili, shingo nimeinyoosha juu ya usukani. Upande mmoja ulikuwa mlima, upande wa pili hapakuwa na kitu.

Soni nilisimama kupumzisha macho, na hasira zikanishika.

"Baba alituachia kopo," nilimwambia mama. "Miaka yote ile hakuona kwamba gari halitoi hewa?"

Mama alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akaendelea kufuta. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Msemo huo naufundisha darasani kila mwaka, na siku hiyo haukunisaidia.

Mombo tulifika saa tatu kasoro, na joto likatupokea. Nilifungua vioo, vumbi la malori likaingia, mama akakohoa mpaka akashika dashibodi kwa mikono miwili. Nikavifunga, akaanza kuhema. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Niliogopa, sisemi uongo. Tanga ilikuwa bado mbali, na kwa hali ile nisingemfikisha.

Niliingia gereji ya kwanza niliyoiona. Fundi alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa Vuga, mwenye kofia ya kufuma. Alimwamkia mama shikamoo, wakasalimiana tena kwa Kishambaa habari za nyumbani na za mashamba, akampa kiti kivulini na maji ya kunywa. Ndipo akaligeukia gari.

Aliniambia nipandishe feni hatua kwa hatua. Sauti ilikua kila mara, akasema basi feni ni nzima na fyuzi ni nzima, tutafute kizuizi. Akafungua kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, akachomoa chujio la hewa, akaliinua juani. Lilikuwa na vumbi, ila mwanga ulipita. Akalikung'uta, akalirudisha. Kisha akabonyeza kitufe kidogo chenye picha ya gari na mshale uliopinda, ambacho maisha yangu yote sikuwahi kukigusa. Hewa ikaja kwa nguvu. Akabonyeza tena, ikafa.

"Kitufe hiki kinafunga hewa ya nje, gari linazungusha ya humu humu ndani," alinieleza. "Ya ndani inakuja, ya nje haiji. Basi kuna kitu kwenye mlango wa hewa ya nje."

Alienda mbele, akainua plastiki iliyo chini ya waipa. Nilitarajia majani makavu, au kiota cha panya. Akaingiza mkono, akavuta polepole mtandio wa sufu wa kahawia, umekunjwa mara nne na kufungwa kwa kamba ya katani. Fundo nililijua. Ndilo baba alilofungia magunia ya karoti.

Mama alikuwa amesimama.

"Mtandio wangu huo," alisema. "Nilipotoka kulazwa na nimonia nilimwambia baba yako upepo wa gari unanipiga kifuani. Kesho yake haukunipiga tena."

Fundi alikitazama kile kitufe, akautazama mtandio. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kitufe kingetosha, ila mzee hakuelekezwa. Mimi niliona aibu hadi machozi yakanitoka. Nikamwomba mama msamaha palepale. Aliniambia maneno yale ya Soni nikamweleze mwenyewe kaburini tukirudi, na sasa niwashe gari, tunachelewa.

Tanga tuliingia saa saba na nusu, hewa ikivuma usoni kwa mama njia nzima. Daktari alimpima, akambadilishia dawa, akasema tumewahi.

Jumamosi tulirudi. Nilikuwa nimeshawapigia kaka zangu simu kwamba gari haliuzwi. Nimejifunza kutafuta hewa ilipokwama, hilo nashukuru. Lakini kubwa zaidi, nimejifunza kuuliza kwanza kabla ya kumlaumu mtu ambaye hawezi tena kujibu.

Kupita Soni, saa kumi na moja jioni, ukungu ulishuka na baridi ikaanza kuingia kupitia matundu. Nilinyoosha kidole kwenye kitufe. Mama akanishika mkono.

"Acha, mwanangu. Kioo kitaziba, utashindwa kuona njia."

Akalifungua lile fundo taratibu, bila kuikata kamba, akaukunjua mtandio na kujifunika kifua.